Kilio cha Bondeni

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia na sasa unapanda ngazi bila kushikiliwa. Mimi ni mzima wa mwili. Ya moyoni utayasoma humu.

Umeniuliza mara tatu kwa nini kaka amehama kwangu na hapokei simu zako. Nilikujibu kwamba amepata kazi ya ulinzi mbali. Nilikudanganya, Mama. Soma ukiwa umekaa.

Unajua kazi yangu ni kubuni maadui wa michezo ya kompyuta: mazimwi, mifupa inayotembea, mbwamwitu wenye vichwa viwili. Mwaka jana wachezaji walitusuta kwamba maadui wetu wana sura nyingi na akili moja. Wote wanakuja mbio kama kuku walioitiwa mtama, unawakata mmoja mmoja. Bosi akaniambia kama sina jipya, nimpishe mwenye nalo.

Siku hizo kaka alikuwa ametoka vitani, analala kwenye kochi langu, haongei. Kila asubuhi nilikaa naye na chai, na kidogo kidogo akafunguka. Alinieleza jinsi adui zao walivyojifanya kukimbia ili wafuatwe, na walivyowalenga kwanza wanaotibu majeruhi. Kisha akanieleza ya bondeni. Yule rafiki yake mcheshi, aliyewahi kulala kwetu, alipigwa risasi ya mguu, akaachwa hai makusudi ili alie, nao maadui wakajificha pande mbili. Kila aliyekwenda kumsaidia hakurudi. Nilikuwa namfuta kaka machozi, Mama, huku akilini nawapanga mazimwi.

Niliyaandika yote. Mchezo ukasifiwa, nikapandishwa cheo. Kaka sikumwambia.

Jumamosi moja nilirudi kutoka sokoni nikamkuta ameshika padi ya kuchezea, anaucheza mchezo wangu. Alikuwa amefika bondeni. Mwenzake wa mchezoni amelala majanini, anaomba maji kwa maneno yaleyale niliyosimuliwa. Kaka hakusogea. Alingoja mpaka kilio kikakatika, mazimwi wakatoka mafichoni, akawamaliza. Tarumbeta zikalia, maandishi ya dhahabu yakampongeza kwa busara yake.

Ndivyo nilivyoupanga: anayekwenda kusaidia anakufa, anayenyamaza anashinda. Maana ndivyo kaka alivyopona. Alikuwa hatua arobaini tu kutoka kwa rafiki yake, akalala kimya mpaka sauti ikaisha. Aliniapisha nisimwambie mtu, hata wewe. Nimewaambia watu laki tatu.

Aliiweka padi mezani taratibu. Akaniuliza, "Nani alikwambia kwamba nilishinda?"

Akachukua begi lake, akaondoka bila hata kubamiza mlango.

Nilimwomba bosi tulifute bonde lile. Akasema hapo ndipo wachezaji wanapopapenda kuliko kwingine. Bado niko kazini, Mama. Hilo nalo nimeona nisikufiche.

Akikupigia, usimwambie kwamba unajua. Mwache aseme mwenyewe, au asiseme. Msalimie mama mdogo, mwambie dawa zake nitazituma. Mimi usiniombee kwanza; anza na yeye.

Ni mimi mwanao,
Kitindamimba