Makande Bila Kuni

Jumamosi, 18 Mei 2024

Shimo la gesi ya samadi limekwisha! Mimi na mume wangu Anaeli tumechimba mpaka viganja vimechubuka. Tangi limekaa, bomba limefika jikoni. Tumelilisha samadi, maganda ya ndizi na machicha ya dengelua kutoka kwa jirani yetu Lukasi, mpika pombe ya miwa. Mama mkwe kaziba pua kwa khanga. Eti yeye hali chakula cha moto wa mavi! Mwishowe tumewekeana sharti: nikiivisha makande bila ukuni hata mmoja, atakula. Nikishindwa, nafukia shimo, yeye anapanda migomba. Haya. Tutaona.

Jumatano, 12 Juni

Umewaka! Moto wa bluu, mdogo, lakini umewaka. Nimepiga vigelegele peke yangu jikoni. Nimemchemshia Mama chai, kaisukuma pembeni. Chai si makande, kasema. Mbishi huyu mama!

Jumatatu, 17 Juni

Moto umekufa.

Nimefunua mdomo wa tangi — weupe mtupu. Majivu! Nimemuuliza Mama, wala hakuficha. Wanajumuiya walikuwa wanakuja kusali, harufu ikamtia aibu, akamwaga ndoo mbili. Eti kwani choo hakitiwi majivu? Nimekasirika! Nikamwambia tumboni mwa tangi mna vijidudu ndivyo vinavyotoa gesi, na majivu yamevichoma. Nilidhani atafurahi, maana kashinda. Kainama tu. Kauliza kama vimekufa vyote.

Jumamosi, 22 Juni

Asubuhi baragumu limelia. Msaragambo, kazi ya kijiji kizima! Watu wametoka na majembe wakidhani ni kuzibua mfereji. Kumbe Mama alikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji kuomba, bila kutuambia! Kawasimamisha uani kwetu, kawarudisha kila mtu kwake akalete ndoo ya samadi mbichi. Wanaume wakachota uchafu wenye majivu, sisi tukajaza upya. Lukasi kacheka mpaka kakaa chini: tangu azaliwe hajaona Mpare, mtu wa kupenda kesi, anayeita kijiji kizima kije kumsaidia kushindwa kesi. Mama kamjibu kwamba kesi ya kushinda kwa majivu yeye haitaki.

Nampenda mama huyu. Leo naandika, kesho nisije nikasahau.

Jumatano, 10 Julai

Moto umerudi, tena mkali kuliko kwanza! Na mchicha niliomwagia yale maji meusi yanayotoka tangini umetanuka majani kama sahani. Lukasi kauona, sasa anataka ndoo za kumwagia miwa yake. Machicha yake yanamrudia shambani! Nimetembea uani kifua mbele, Anaeli kanicheka.

Jumapili, 14 Julai

Makande yamebandikwa tangu alfajiri. Sikwenda ibadani, Mungu anisamehe. Moto haukutikisika hata mara moja! Mahindi yamepasuka, maharage yamelainika, mafiga baridi kabisa. Nimeshinda! Nimeshinda!

Mama karudi kanisani, na nusu ya kwaya nyuma yake wamekuja kushuhudia. Kaingia jikoni moja kwa moja, kayapapasa mafiga kutafuta joto. Nimekimbilia chumbani, nimeshindwa kumtazama. Naandika huku nasikiliza. Kafunua sufuria. Kijiko kimegonga. Anatafuna taratibu, makusudi!

Ananiita. Anauliza chumvi naificha wapi, na nani kakichukua kibakuli chake, kile kikubwa, maana hiki —