Tandiko Nililomshonea Malkia

Kutoka daftari langu la mwaka 1993. Nimelinakili hapa bila kusahihisha, maana nikianza kusahihisha nitaanza kujitetea.

Jumatano. Asubuhi jua liliunguza mabati ya kibanda, saa tisa mvua ikaja kutoka ziwani, ikapiga kidogo na kuondoka bila kuaga. Moyo mzito.

Sijashona kitu leo. Kuna kochi la watu watatu hapa kibandani Nyalenda, nimelivua kitambaa chote, mwenyewe anakuja Ijumaa, na mimi nimekalia mbao zake naandika.

Nimemuumiza baba yangu. Nimemuumiza kwa hii kazi ya mikono ambayo najivunia kila siku.

Baba alitunza farasi wa tajiri mmoja zaidi ya miaka ishirini. Tajiri alipouza shamba na kwenda kwao, alimwachia Malkia, farasi jike ambaye wanunuzi walimkataa. Ana mgongo mpana, bapa kama meza ya kulia. Farasi wengine wana kinundu pale juu ya mabega kinachozuia tandiko lisizunguke, lakini Malkia hana. Nyumbani kwetu karibu na Otonglo watu walicheka sana. Halimi, hakamuliwi, sasa wa nini?

Magoti ya Baba yalipoharibika, wakaacha kucheka. Siku ya soko alikuwa anapanda juu ya kichuguu kando ya boma, anavusha mguu mgongoni mwa Malkia, na wawili hao wanaenda polepole hadi Otonglo. Ananunua tumbaku, anasalimiwa, anabishana kuhusu mvua. Bila Malkia, dunia ya Baba inaishia kwenye ua.

Shida ikawa tandiko. Lile la zamani lina mbao ndani na lilitengenezewa farasi mwembamba, kwa hiyo mbao zilimbana Malkia mabegani mpaka akatokwa na vidonda. Bwana Hassan, anayeuza ngozi sokoni mjini, alikuwa na mengine mawili ya mtumba. Tuliyapima yote na yote yalikuwa membamba.

Baba akasema, "Huyu anataka tandiko haina mbao. Kitu laini, inakaa vile mgongo iko."

Kisha akaniangalia. Hakuniomba. Baba hajawahi kuniomba kitu, na najua sababu. Nilipokuwa shule nilikuwa nambadilishia njia nikimwona kwa mbali, ili asinisalimie mbele ya wenzangu na ile harufu yake ya zizi. Aliona. Hakuwahi kulisema.

Nikamwambia nitashona mimi.

Sikujua tandiko lisilo na mbao linakaaje, basi nikaenda Pap Onditi siku ya soko kuangalia punda. Punda wa kule wanabeba magunia mazito bila mbao yoyote. Wanavalishwa mito miwili mirefu iliyojazwa nyasi, mmoja kila upande, imeunganishwa kwa kamba, na katikati pameachwa wazi. Nilipopaona hapo wazi nikacheka moyoni. Nilidhani nyasi ziliwaishia.

Mama mmoja mzee, mwenye punda, aliniona nikipachunguza. Akaniambia, "Hapo katikati usiweke kitu. Hiyo ni nafasi ya mgongo yake."

Nikamjibu, "Mama, mimi ni fundi."

Ndivyo nilivyomjibu. Nayaandika maneno yenyewe ili niyaone vizuri.

Katika kazi yetu, kiti chenye shimo katikati ni aibu. Mteja akiketi akazama, humwoni tena. Kwa hiyo niliporudi kibandani nilikata turubai zito, nikaweka sponji pande zote mbili, na pale katikati nikashindilia katani mpaka pakawa pagumu na sawasawa. Nikazungushia ngozi ya Bwana Hassan, nikashona kwa uzi wa mkonge, mshono mara mbili. Lilipendeza kuliko kochi lolote nililowahi kutoa hapa.

Wiki tatu zilizopita nilimpelekea. Baba aliligeuza akapitisha kiganja upande wa chini, kuanzia mbele kwenda nyuma. Kiganja kikasimama katikati, kikakaa hapo. Nilidhani anakagua mshono.

"Umeshona vizuri," akasema.

Akapanda. Nilishika kikuku cha kukanyagia cha upande wa pili ili tandiko lisizunguke kwenye ule mgongo bapa, akajiweka sawa, akazunguka boma mara mbili. Nilirudi mjini nikiwa na kichwa kikubwa. Nilimsimulia kila mtu aliyeleta kiti.

Leo asubuhi jirani yetu wa nyumbani, Mama Awuor, alipita hapa kibandani akielekea sokoni. Hakuketi.

"Odhiambo, Mzee siku hizi anaenda soko na miguu. Farasi yake anaivuta tu na kamba. Jana alikaa chini kando ya barabara, tukamwinua watu watatu."

Nilifunga kibanda nikaenda.

Kitu cha kwanza nilichokiona ndani ya nyumba ni tandiko langu. Limetundikwa ukutani sebuleni, juu ya kiti chake, limepakwa mafuta na kung'arishwa, mahali ambapo kila mgeni lazima alione. Baba alikuwa chini yake, magoti yamefungwa vitambaa, yamevimba hata suruali haipandi.

Nilitoka nyuma nikamshika Malkia mgongoni. Alinywea, akalegea hadi karibu apige magoti. Kuna uvimbe mrefu juu ya uti wa mgongo, pale pale niliposhindilia katani. Umeanza kushuka, kwa hiyo ni wa siku nyingi.

Nikarudi ndani nikamuuliza Baba uvimbe umeanza lini.

"Ile wiki ya kwanza. Nilipanda mara mbili tu."

"Na ulijua?"

Bila shaka alijua. Mtu aliyeshika migongo ya farasi maisha yake yote alijua tangu kiganja kiliposimama. Alipanda ili niondoke nikiwa nimefurahi. Akapanda mara ya pili, labda akitumaini amekosea. Halafu akalitundika, akatembea kwa yale magoti hadi Otonglo, wiki baada ya wiki, akawaambia watu sokoni kwamba farasi anapumzika.

"Kwa nini hukuniambia, Baba?"

"Ni kitu ya kwanza umenitengenezea, nyathina."

Mtoto wangu. Nina miaka arobaini na mbili.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tulivyofundishwa. Mimi nilikataa kumsikia yule mama wa Pap Onditi, na guu lililovunjika ni la baba yangu.

Nilinyoosha mkono nilishushe tandiko, nikalifumue pale katikati. Akanizuia kwa fimbo yake. "Hiyo wacha. Hiyo ni yangu." Nikabaki nimesimama katikati ya sebule, sina la kufanya na mikono yangu.

Mwishowe nikasema neno ambalo nilipaswa kulisema kabla sijakata turubai. Nikasema, "Nifundishe."

Nilimleta Malkia mpaka mlangoni. Baba alisimama akijishikilia begani mwangu, na nilisikia uzito wake wote, na jinsi ulivyo mdogo. Akashika mkono wangu akauweka juu ya mgongo wa farasi, akautembeza polepole kando ya uvimbe, akinionyesha mfupa unapoanza, upana wa nafasi ya kuacha, nyama inapoanza kubeba. Alirudia upande wa pili. Malkia alitulia. Tulikaa hivyo mpaka miguu ya Baba ikaanza kutetemeka, nikamrudisha kitini.

Nilikuwa na miaka yote ile ya kumwomba hivyo, wakati bado anasimama mwenyewe.

Kesho nakata turubai jipya, mito miwili, na katikati hewa tupu. Baba anasema mgongo wa Malkia utataka miezi miwili kabla ya kuwekewa chochote. Kuhusu magoti yake hakusema kitu, nami niliogopa kuuliza kama yatamfikisha tena juu ya kile kichuguu.