Mbuzi wa Tatu Hayuko kwenye Picha

Migwani, Jumamosi jioni, Agosti 1987

Leo baridi imekaa tangu asubuhi, mawingu mazito na hakuna hata tone la mvua. Moyo wangu uko vivyo hivyo. Nimepika, nimefua, nimemwogesha binti yangu Mwende, na kila nikishika kitu naona ile picha.

Niliiona juzi kwenye shoo ya kilimo, Kitui mjini, nilipoenda na mume wangu na mama yake. Ndolo, mpiga picha wetu wa hapa sokoni, alikuwa amepeleka picha ya ntheo yangu, siku mbuzi wa posa walipoletwa kwetu, kwenye mashindano, ikashinda. Ilining'inizwa kwenye banda ikiwa na utepe mwekundu, mimi katikati na shanga zangu, watu wanajazana kuitazama. Nilifurahi kama mtoto. Nilijisukuma mpaka mbele.

Mbuzi walikuwa wawili.

Nikahesabu tena. Wawili. Na kwetu Ukambani mtoto mdogo anajua kwamba mbuzi wa ntheo ni watatu, na wasipofika nyumbani kwa msichana, huyo si mke wa mtu. Anaweza kupika na kuzaa mpaka azeeke, bado ni wa baba yake, na watoto pia.

Kando ya picha walikuwa wamebandika sheria za mashindano. Moja ilisema picha yoyote iliyoondolewa au kuongezwa kitu itakataliwa. Mama mkwe wangu alimwomba kijana mmoja amsomee. Siku ya ntheo hakuwepo, alikuwa Ikutha akimuuguza dada yake. Kijana alipomaliza kusoma, akanigeukia.

"Kwani mliletewa mbuzi mbili? Na hawa majaji wamesema hakuna kitu imetolewa. Basi wewe bado uko kwa baba yako."

Alisema akicheka, lakini macho hayakucheka. Huyu mama hajawahi kunipenda, na mimi si mjinga. Nilimgeukia mume wangu aseme neno. Kimeu ndiye aliyewaswaga wale mbuzi mwenyewe, wote watatu, kutoka kwao mpaka kwetu, akafika viatu vimejaa vumbi. Baba yangu alimpa maji ya kunawa.

Kimeu alikuwa anatazama ng'ombe wa maonyesho.

Njiani nilimuuliza. Akasema, "Hiyo ni picha tu, Mwikali." Tangu lini kitu kinachoweza kunitoa kwenye nyumba yangu kikawa picha tu? Sikulala vizuri. Nilianza kuunganisha mambo. Siku hizi anarudi kutoka kazini Malili akiwa ameshakula. Hasemi tena habari ya kujenga. Mwezi uliopita mama yake aliongea naye nje, nami nilipotoka na chai wakanyamaza. Labda ni mimi tu. Mtu akishaanza kushuku, hata kikohozi anakitafutia maana.

Lakini kuna kitu nilikuwa nimekiona, na sikumwambia mtu. Kwenye picha, mjomba wangu ameshika kamba. Kamba inateremka kutoka mkononi, halafu inaishia hewani. Majaji walitazama shanga zangu, hawakuifuata kamba.

Kwa hiyo leo mchana nilienda studio kwa Ndolo. Sikumsalimu vizuri. Nilimuuliza, kwani mjomba wangu alikuwa anachunga upepo?

Alifunga mlango kwanza. Kisha akaanza kujitetea.

"Mama Mwende, hiyo mbuzi ilikuwa imenigeuzia matako. Kweli ningepeleka matako kwa majaji?"

Aliichapa picha, akamkwangua mbuzi kwa wembe, akapaka brashi juu mpaka pakafanana na ukuta wa udongo, halafu akaipiga picha upya ile aliyoitengeneza. Ndolo amezaliwa hapa, ameoa hapa, ntheo ngapi amepiga! Lakini alikuwa anaona uzuri tu, hakuhesabu. Nilimuuliza ni nani aliyemtuma. Akaapa hakutumwa na mtu, na uso wake nikauamini. Akanionyesha filamu ya siku ile, haina hata mkwaruzo. Nilipoiinua kwenye mwanga wa dirisha, yule mbuzi alikuwepo, na matako yake yote. Nilitaka kucheka na kulia.

Ndolo aliniomba nisiseme. Majaji wakijua, watamnyang'anya ushindi na hatashindana tena. Nilimwonea huruma kidogo. Nilishapumua. Nilishaanza kujilaumu kwa kumshuku mume wangu bure.

Ndipo Ndolo, akitaka kunituliza, akaongeza kwamba hata Kimeu aliiona kabla haijapelekwa. Alipita hapo akitoka Malili, akaishika, akaitazama muda mrefu. Ndolo mwenyewe ndiye aliyemwambia kwamba amemtoa yule mbuzi aliyegeuka.

Nikauliza, "Akasema nini?"

"Alisema iende tu hivyo."

Sikumbuki nilivyofika nyumbani.

Mbuzi sina shida nao tena. Jumatatu nitaenda Kitui niwaambie majaji, na Ndolo atanisamehe akitaka. Baba yuko hai, mjomba yuko hai, na wazee waliokula ile nyama bado wana midomo ya kusema. Hakuna wa kunitoa hapa kwa wembe na brashi, na Mwende wangu hatakosa ukoo.

Lakini Kimeu alijua ni watatu. Alijua, akamwona ameondolewa, akajua mama yake ataitazama. Jana alirudi kazini Malili, kesho anakuja. Nitamkaribisha, nitampa kiti, halafu nitamuuliza jambo moja tu. Ulipoishika ile picha, baba Mwende, ukaona mke wako anaanza kuonekana kama msichana wa watu, uliogopa au ulipata nafuu?

Nami nitakuwa natazama uso wake, kwa sababu mdomo wake siuamini tena.