Bomba la Kati

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Mathews amenipa daftari niandike harufu ya maji tu. Nitaandika ninachotaka. Ukishanipa daftari ni langu.

Haya. Kisima alichochimba marehemu mume wangu kimeingiliwa. Tangi la petroli stesheni kule juu linavuja chini kwa chini. Mafuta yenyewe hayajafika huku kwetu Manyatta, anasema Mathews, lakini kuna dawa inayochanganywa ndani ya petroli, na hiyo inapenda maji, inasafiri nayo. Ndiyo ile harufu tamu tamu. Mathews ni mpangaji wangu, anafanya kazi maabara ya chuo, kwa hivyo namsikiliza. Kiasi.

Amenipangia mapipa mawili yaliyojaa kaboni, punje nyeusi, si makaa ya jiko. Maji yanapita pipa la kwanza, kisha la pili, ndipo watu wanachota. Katikati kuna bomba dogo. Mashine ya kupima iko Nairobi na majibu ni mwezi mzima, kwa hivyo kipimo ni pua yangu. Kila asubuhi ninuse bomba la kati. Likinuka, pipa la kwanza limeshiba — nifunge kisima, nimpigie.

Leo hakuna harufu. Kabisa! Nimeimba nikiosha vyombo.

Jumatano, 8 Oktoba

Mathews amesafiri, semina, wiki mbili. Akiondoka alirudia sheria yake: kabla ya kunusa nitembee mpaka Kondele, mtaa wa jirani, nivute hewa ya huko, ndipo nirudi. Eti pua ikikaa na kitu inakizoea, inanyamaza. Nikamwambia, kijana, nimeuza samaki wa omena miaka thelathini, gunia bovu nalijua kabla halijafunguliwa. Akacheka, lakini hakucheka vizuri.

Nilitembea. Hakuna harufu.

Jumatatu, 13 Oktoba

Mvua siku ya nne. Kondele siendi, matope yale yanakuvua kiatu. Nimenusa hivyo hivyo. Hakuna harufu.

Kuku hawataki maji ya beseni lililo chini ya bomba la kati. Wanakunywa ya kidimbwi. Wajinga hao.

Alhamisi, 16 Oktoba

Terry anakataa chupa. Mjukuu wangu, miezi minne. Mama yake, Achola, mke wa Wechuli wangu, anasuka watu nywele kibarazani kutwa nzima, kwa hivyo kulisha ni kazi yangu. Nachemsha maji, nakoroga maziwa ya unga, napoza. Mtoto akiona chupa anageuza uso ukutani. Halii. Anageuza tu, halafu ananiangalia kwa kona ya jicho.

Achola anasema ni meno. Miezi minne, meno gani?

Hakuna harufu.

Jumamosi, 18 Oktoba

Bado anakataa. Mashavu yamepungua, nimeogopa. Nikafanya alivyofanya mama yangu kwetu: nikambana pua kwa vidole viwili, mdomo ukafunguka, nikamimina kwa kijiko. Alimeza. Aliniangalia wakati wote. Sikupenda macho yale.

Kitu kingine. Mvua yote hii na hakuna mbu. Hata mmoja. Wapangaji wanamshukuru Mungu. Mimi nimekaa mlangoni nikisikiliza, na ploti ilikuwa kimya kuliko inavyopaswa.

Hakuna harufu.

Jumapili, 19 Oktoba

Sikwenda kanisani. Mvua, mtoto. Sasa ni wiki sijatoka langoni.

Nimembana pua tena mara mbili. Hakuna harufu.

Jumanne, 21 Oktoba

Dada yangu Dorca ameshuka kutoka Webuye bila kutuambia. Alifika langoni akasimama, akakataa kuingia. Akauliza nani amemwaga petroli hapa.

Nikamcheka. Nikamshika mkono mpaka bomba la kati. Alifunika mdomo kwa leso. Nikampeleka kwa bomba la mwisho, lile la watu kuchota. Akasema ni lile lile, hakuna tofauti.

Nikainama mwenyewe. Nimenusa mpaka kichwa kikazunguka. Maji tu.

Nikaingia jikoni, nikafungua chupa ya mafuta ya taa, nikaiweka puani. Hakuna kitu. Nikatumbukiza uso ndani ya gunia la omena. Hakuna kitu. Nikamwita Achola anuse mafuta ya taa. Akanusa, akauliza kwani haya ni maji ya nini.

Nimerudi kurasa za nyuma. Hakuna harufu, hakuna harufu, hakuna harufu. Mwandiko ni wangu. Sijui ni siku gani iliacha kuwa kweli. Naona aibu, na naogopa, naogopa sana. Kuku walijua. Na Terry alijua, na mimi nikambana pua.

Nimefunga kisima kwa kufuli. Naandika nikingoja Mathews ashike simu. Hashiki. Mitungi imejipanga langoni, watu wananiuliza kwani kuna nini Mama Wechuli, maji ya jana yalikuwa mazuri. Dorca anaita kutoka barabarani, nimtoe mtoto ndani upesi, birika linachemka humo na harufu ya nyumba inamfikia pale alipo.

Achola ametokea mlangoni na Terry begani. Anacheka. Ameinua chupa juu nione ni tupu. Anasema leo hajageuza uso hata kidogo, amemaliza yote mwenyewe.