Kotama Uliyoiacha Kabla Haijarudi Motoni

Baba Mwanasha, mume wangu,

Mwanao hunipigia simu kutoka Diani akitoka kazini hotelini, aniulize kama nimelia. Namwambia bado. Eda imekwisha na mwili wangu ungali umekufa ganzi. Napika, naswali, nalala.

Leo Nyawa mgema alikuja kuichukua kotama yake, kisu cha kugemea ulichomfulia. Alikuwa amengoja eda iishe, mwungwana yule. Aliiona inang'aa karakanani mwako mwa uhunzi, akataka kwenda nayo minazini moja kwa moja.

"Ngoja, shemeji," nikamwambia. "Marehemu aliizamisha mafutani tu, haijarudi motoni. Itakumegukia huko juu."

"Wajua wewe?"

"Najua."

Si ulinifundisha mwenyewe? Uliwahi kuvunja vipande viwili vya springi ya lori ili nione ndani. Kimoja chembe zake zilikuwa ndogo, za kijivu, zimeshikana. Kile ulichokiunguza kilikuwa na chembe kubwa kama sukari. "Chuma kikipozwa ghafla hukakamaa mno," ulisema. "Twakirudishia moto kidogo ili kivumilie. Kikizidi, makali hayakai."

Macho yako yalipoharibiwa na moto, rangi ambazo chuma hugeuka kikirudishiwa moto nilikusomea mimi. Tulifunga dirisha kwanza, maana jua hudanganya.

"Imefika wapi, mke wangu?"

"Njano."

"Na sasa?"

"Kahawia. Sasa!"

Ukakichomoa chuma na kukitia majini papo hapo, wewe uliyechelewa hata harusini kwako.

Basi leo nilifunga dirisha. Nikaiweka kotama ukingoni mwa makaa, nikavukuta polepole. Ikawa njano, ikawa kahawia. Nikasema, "Sasa!"

Nikasubiri. Nilisimama nikikungoja wewe uitoe. Koleo lako lilikuwa limening'inia ukutani, mahali pake. Rangi ikawa zambarau, ikawa buluu, makali yakaharibika, nami natazama tu.

Siku ya maziko sikuwa nimejua kwamba umekufa. Nilijua pale.

Nyawa alikuwa nje kwenye benchi. Nilimwambia arudi kesho, naye akaenda zake. Sikulia. Nilikaa humo na dirisha limefungwa mpaka makaa yakazimika.

Kesho nitaipasha hadi iwe nyekundu, niizamishe mafutani upya, kisha niirudishe motoni. Koleo nitalishika tangu mwanzo. "Sasa" nitaisema kwa sauti, kwa mazoea, lakini sitakungoja.

Mola akurehemu, baba.

Mkeo,
Mama Mwanasha
Kikoneni