Mhakiki wa Pili Amepatikana

Mwenzangu, sina mbavu! Profesa kajivua nguo mwenyewe, mbele ya ukumbi mzima.

Unakumbuka jarida la sayansi lilivyoukataa utafiti wangu, mimi fundi bomba, wa sumu kwenye visima? Mhakiki wa pili, asiye na jina, aliandika: "Fundi bomba arudi kwenye mabomba yake." Miaka sita sijaisahau.

Leo mkutanoni Profesa alikuwa anahubiri uwazi katika sayansi. Nikasimama, nikamsomea sentensi ile.

"Aliyeandika hivyo ni mpumbavu," akasema. "Atajwe!"

ATAJWE! Kasema mwenyewe!

Jana jarida lilifungua tahakiki zote za zamani, na majina ya wahakiki juu. Nikamwonyesha simu. Jina lake.

"Lakini ile ilikuwa siri, kijana."

Kijana! Nina wajukuu!

Mhariri wa jarida kanikimbilia mlangoni, eti niutume tena utafiti wangu. Nimeutuma palepale. Miaka yote hiyo watu wanakunywa maji yale.