Msumari wa Sitini na Tatu

Tarehe 6 Februari

Baba yangu,

Shikamoo. Mpe na Mama shikamoo yake kabla hujaendelea, najua amesimama nyuma yako anasomea begani. Kifua kinasemaje? Dawa unameza, au unaficha chini ya mto kama mwaka jana? Mimi mzima, miguu tu inauma kwa kusimama. Na Chiriku wangu je? Bado anaongea hata usingizini?

Baba, nimepata kazi! Ni mgodini, lakini usishtuke, mimi sishuki shimoni. Niko chumba cha taa. Ni chumba kirefu chenye dirisha moja la kuhudumia watu, rafu za taa zinazochajiwa, na ubao wenye misumari mia na ishirini. Asubuhi kila mchimbaji anakuja dirishani, nampa taa yake na kibati chenye namba yake. Akitoka anarudisha vyote viwili, nami natundika kibati kwenye msumari wake. Msumari ukiwa mtupu, mtu yuko chini. Saa tisa alasiri mafundi wa baruti wananisubiri mimi. Mpaka niseme "wametimia" ndipo king'ora kinalia na mwamba unalipuliwa. Mimi, Baba, niliyeishia darasa la saba!

Niko kwenye majaribio ya miezi mitatu. Nikifaulu nitapewa barua ya kazi ya kudumu, na chumba kwenye nyumba za wafanyakazi, na mtoto anaruhusiwa. Tangu baba yake aondoke bila kuaga sijawahi kupanga jambo kubwa hivi. Nahesabu siku. Nataka Chiriku alale ubavuni kwangu tena.

Swali moja, wewe uliyekaa shimoni miaka mingi. Kuna wanaume wanaleta vibati vitano kwa mpigo. "Mama, pokea, wenzangu wako nyuma wanakuja." Nikisita wananiita mwalimu mkuu. Je, nivipokee tu?

Binti yako,
Mama Chiriku

Tarehe 15 Februari

Mwanangu Mama Chiriku,

Marahaba, mama. Umenikamata. Dawa ilikuwa chini ya mto kweli, na sasa naimeza mbele ya mama yako kama mtoto wa shule. Kifua ni kilekile. Vumbi la mgodi ni mgeni asiyeaga, tumeshazoeana. Chiriku mzima kabisa. Jana kamwambia jirani kwamba Babu anakoroma kama pikipiki, na jirani sasa hawezi kunisalimia bila kucheka.

Kwa kazi yako tumeshukuru mpaka mama yako amelia. Sasa swali lako. Kibati cha mtu usikipokee mkononi mwa mtu mwingine, hata mara moja. Waache wakuite mwalimu mkuu, wakuite hata mama mkwe.

Nitakuambia jambo ambalo mama yako pia analisikia leo kwa mara ya kwanza, nimemwomba aketi hapa ninapoandika. Enzi zetu hapakuwa na mtu dirishani. Kila mmoja alijitundikia ukutani, na aliyechelewa kutundika alikatwa mshahara wa siku nzima. Kwa hiyo tulibebeana vibati. Ndio ulikuwa utu, kama kumpokea mwenzako mzigo. Nilikuwa na rafiki tukimwita Mluzi, maana alipiga mluzi hata akiwa na jiwe begani. Siku hiyo akanipa kibati chake akasema, "Tangulia, ndugu yangu, nafunga kamba ya buti nakuja." Nikapanda, nikatundika changu, nikatundika na chake, nikaenda kunawa. King'ora kikalia. Nilidhani yuko nyuma yangu kwenye foleni ya maji.

Hakuwemo kwenye foleni, mwanangu.

Wakubwa wakamwambia mjane wake kwamba ubao unaonyesha mumewe alishatoka, basi alirudi shimoni kwa kujitakia, na hawana la kumlipa. Nilikuwa nimesimama palepale. Mama yako alikuwa na mimba yako. Niliogopa kufukuzwa, nikameza mate. Nayameza mpaka leo, mwaka wa ishirini na nne huu.

Pokea kibati mkononi mwa mwenyewe, na umtazame usoni.

Baba yako

Tarehe 29 Machi

Baba yangu,

Shikamoo, na Mama vilevile. Mwili mzima. Roho ndiyo haijalala vizuri.

Nisamehe kwa kukawia. Neno lako nimelifuata. Nikabandika karatasi dirishani: kila mtu na kibati chake. Walinung'unika wiki moja, wakazoea.

Alhamisi iliyopita, saa tisa, msumari wa sitini na tatu ukabaki mtupu. Ni wa mchimbaji mmoja anaitwa Kobe, kwa vile hata akiitwa chakula anakwenda kwa awamu. Taa yake niliikuta kwenye kizingiti cha dirisha, na katika ule msongamano hakuna aliyeona ni nani kaiweka. Msimamizi wa shifti akaja. Sisi tunamwita Bwana Saa, hashushi mkono kabla hajaitazama saa yake.

"Taa si hii hapa? Mtu ametoka. Sema wametimia."

"Taa inaweza kubebwa na yeyote, bwana. Kibati chake sijakiona, na yeye sijamwona."

"Kuna vibati vya akiba kwenye droo. Andika sitini na tatu, tundika, tuendelee."

"Kibati nitatundika. Na mtu, nimtundike wapi?"

Akapandisha sauti. "Wewe binti, hapa hatuchimbi vibati, tunachimba mawe!"

Nikafunga droo, nikautia ufunguo mahali ambapo mwanamume mwenye heshima zake hawezi kuutafuta. Nikakaa. Kikosi cha uokoaji kikashuka, wakamtafuta saa tatu nzima, kila pembe. Shifti ya jioni ikarudishwa nyumbani, hakuna mwamba uliolipuliwa, watasomba nini?

Mwishowe mtu mmoja akatumwa kwa Kobe. Akamkuta kitandani, kamkumbatia mtoto mchanga. Alipotoka kwenye lifti aliambiwa mkewe ameshikwa na uchungu, akatupa taa dirishani akakimbia, kibati kikabaki mfukoni. Siku moja tu maishani Kobe kukimbia, na akasimamisha mgodi mzima!

Watu walicheka, kisha wakanigeukia. "Mama Msumari, umetupotezea siku kwa mtu aliyelala!" Asubuhi nikaitwa ofisini. Wamenisimamisha kazi, nikae nyumbani hadi waamue. Barua ya kudumu ilikuwa bado wiki tano.

Sikulaumu, Baba. Lakini usimwambie Chiriku kwamba nakuja kumchukua. Usimwambie chochote.

Mwanao

Tarehe 5 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima, Chiriku ana kidonda gotini na anakionyesha kwa kila anayepita.

Umeandika barua nzima unalia, na ndani yake hamna maiti hata mmoja. Isome tena. Kikosi kimeshuka, kimepekua kila pembe, kimerudi mikono mitupu. Mimi ningetoa mapafu yangu yote mawili, hata kama hayana bei sasa hivi, ili siku ile watu wamtafute Mluzi saa tatu kisha wamkute nyumbani kalala. Ningechekwa mpaka kufa, na ningeshukuru.

Jana nilikwenda kwa mjane wake. Nilimwambia yote, nimesimama mlangoni kama mwizi. Maji yake jikoni yalichemka yakamwagika, akaenda kuyaepua. Kisha akasema, "Ingia ukae, kifua chako kibaya." Leo nimeandika barua na kutia sahihi kwamba kibati kile nilitundika mimi. Ataipeleka kwenye chama cha wafanyakazi pamoja na mwanawe. Sijui kama watamsikiliza baada ya miaka hii yote. Lakini sasa hataitwa mke wa mzembe.

Nilikuzaa nikiwa mwoga, mama. Ahsante kwa kutonifuata.

Baba yako

Tarehe 2 Mei

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo, shikamoo tena, na za Mama nne. Mimi mzima, mwili na roho. Barua yako nimelala nayo siku zote hizi. Sikujibu kwa sababu sikuwa na habari njema ya kukulipa. Sasa ninayo.

Nilipotolewa, dirishani wakaweka kijana wa ofisini mwenye haraka zake. Akaanza kupokea vibati kwa mafungu. Jumatano ya wiki iliyopita akasema wametimia, king'ora kikalia, na watu wawili walikuwa bado wanapanda kwenye lifti. Wenzao waliwakimbilia mafundi wa baruti wakawashika mikono. Hakuna aliyeumia. Ila kesho yake asubuhi shifti nzima ikaketi chini getini, buti miguuni, kofia magotini. "Hatushuki mpaka dirisha lirudishiwe mwenyewe." Aliyesimama wa kwanza kusema ni Kobe, na wanasema alisema polepole sana mpaka meneja akakosa pa kumkatiza.

"Waheshimiwa, mimi ndiye niliyechekesha watu. Nilikuwa nyumbani, sawa. Lakini mama yule hakujua. Alidhani niko chini, akakataa kuniacha. Nani mwingine hapa amewahi kukataa kuniacha?"

Wale wale waliokuwa wakiniita Mama Msumari wakapiga makofi.

Walikaa pale siku mbili. Mwakilishi wa wafanyakazi akaingia ofisini na karatasi, akatoka nayo imetiwa sahihi. Kibati kitapokelewa mkononi mwa mwenyewe. Cha akiba hakitoki kwenye droo bila mwakilishi kuwepo. Na aliyechelewa kwenye foleni hakatwi kitu. Kwa barakoa za vumbi tulizodai bado wanatuzungusha, kila siku "ziko njiani", hiyo tunaendelea nayo. Nimewasimulia habari za kifua chako, wamesema watazitumia kudai.

Aliyekuja kuniita kazini ni Bwana Saa mwenyewe. Hakuomba radhi. Alisimama mlangoni, akatazama saa yake, akasema, "Mama, tunachelewa." Nikachukua kitenge changu, nikamfuata.

Jioni ya kwanza walipotoka, kila mmoja aliponipa kibati alisogeza uso dirishani nimwone, wengine wananitolea macho makusudi, mmoja kaniuliza kama nataka na meno nihesabu. Wote mia na ishirini. Nikasema wametimia, king'ora kikalia.

Na jana nimepewa barua ya kudumu. Chumba nimekiona. Kina dirisha moja, kitanda, msumari mmoja mlangoni wa kutundikia nguo, bomba liko nje mbele ya mlango. Sakafu nimeisugua mara mbili. Mke wa Kobe amenipa shuka ya mtoto, anasema wao wameletewa nyingi kuliko mtoto mmoja anavyohitaji.

Ahsante, Baba. Ungeweza kuniambia "pokea tu, mwanangu, ndivyo ilivyo," nami nisingejua, na wewe ungebaki na heshima yako yote. Ulinipa lile la aibu, ndilo likanifanya nisimame imara.

Barua hii usiijibu. Mwambie Chiriku. Mfungie nguo zake, panda gari, umlete.

Binti yako